Nyama iliyopauka: kisa cha jiko la peleti la shemeji

Mama alifika Minnesota mwezi wa tatu, akitokea Arusha. Wiki ya pili shemeji yangu akaamua kumwonyesha mama mkwe kwamba hata huku watu wanachoma nyama. Akawasha jiko lake jipya, lile la peleti za mbao, akapanga mbavu za mbuzi na vipande vinne vya steki, akafunga mfuniko, akaingia ndani kuangalia mpira. Hakuna aliyepepea, hakuna aliyegeuza. Baada ya saa moja na nusu akaleta trei mezani. Nyama ilikuwa laini, ilinukia moshi vizuri, na ilikuwa na rangi ya kadibodi. Mama akala kipande, akasifu ulaini wake, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Mmeichemsha kwanza, baba?"

Usiku uleule shemeji akanitumia picha ya kikapu chake cha manunuzi mtandaoni. Kulikuwa na vibao vitatu vya alumini vya kubabulia nyama, vyenye matuta upande mmoja na bapa upande wa pili. Kulikuwa na seti ya nyavu nzito za chuma cha kusubu za kubadilisha zile zilizokuja na jiko. Kulikuwa na sanduku la gesi la kuning'iniza ubavuni, lenye wavu wake wa moto mkali. Juu yake brashi ya waya, glavu, na gunia la peleti za mti wa hikori. Jumla ilikuwa inakaribia dola 500. Na bamba zito la chuma cha kusubu alikuwa ameshalinunua wiki iliyopita, bado limo kwenye boksi.

"Shem, wewe ndiye fundi wa moto. Nibonyeze?"

Kazi yangu ni matanuri ya kupasha nyumba joto. Nikamwambia asibonyeze kitu mpaka Jumamosi.

Jiko linavyofanya kazi

Ukitaka kujua kwa nini nyama ilipauka, sharti ujue moto wa jiko hili unakaa wapi. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vijiti vya unene wa milimita 6 hivi. Hazina gundi, kinachozishikilia ni lignini ya mbao yenyewe, inayolainika kwa joto la mashine ya kushindilia. Zamani zilikuwa mali ya watu wa fani yangu, nishati ya kupasha nyumba joto iliyopata soko Marekani baada ya msukosuko wa mafuta wa miaka ya 1970. Aliyezihamishia kwenye nyama ni Joe Traeger wa Mt. Angel, Oregon, ambaye familia yake ilikuwa kwenye biashara hiyohiyo ya kupasha nyumba joto. Alipata hataza yake, yaani haki ya pekee ya kutengeneza alichobuni, mwaka 1986. Hataza ilipokwisha mwaka 2006, watengenezaji wengine wakamiminika, na ndiyo maana leo kila duka kubwa la vifaa lina majiko haya yamejipanga mlangoni.

Ndani, mambo ni haya. Peleti zinakaa kwenye sanduku la pembeni. Parafujo ndefu inazisukuma kidogo kidogo mpaka kwenye kikombe cha moto, ambacho hakizidi sana kikombe cha uji. Kijiti cha umeme kinawasha, feni inapuliza, na kompyuta ndogo inaamua parafujo izunguke mara ngapi. Sasa angalia kilichoko kati ya kikombe hicho na nyama: bamba la chuma la kutawanya joto, juu yake trei ya kukusanya mafuta, ndipo unafika kwenye wavu. Nyama haiuoni moto hata siku moja. Inapata hewa ya moto iliyozunguka pembeni mwa trei, basi. Kwa maneno mengine, shemeji alinunua oveni nzuri ya upepo inayotoa moshi wa mbao, akategemea itende kazi ya jiko la mkaa.

Na tofauti ya vitu hivyo viwili si ndogo. Mkaa uliokolea wekundu uko kwenye nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Joto linalomwagwa na kitu cha moto kwa mnururisho, yaani lile linaloruka hewani bila kugusana, hupanda kwa kipeo cha nne cha jotoridi lake, likihesabiwa kwa kelvini (Selsiasi ukiongeza 273). Ukipiga hesabu, uso wa nyuzi 800 unamwaga joto mara 17 hivi kuliko uso wa nyuzi 250. Yule kijana anayechoma mbuzi pale Namanga hajui kipeo cha nne, lakini anajua kuinua na kushusha wavu kwa upana wa viganja viwili, na hesabu ni ileile.

Kisha kuna maji. Gramu moja ya maji ya nyuzi 20 inahitaji jouli 335 hivi kufika nyuzi 100. Kuigeuza gramu hiyohiyo iwe mvuke kunadai jouli 2,260 nyingine, karibu mara saba ya zile za kwanza. Uso wa nyama mbichi umelowa. Mpaka maji hayo yaishe, uso unabaki umekwama karibu na nyuzi 100, na ule mwitikio wa protini na sukari unaoleta rangi ya kahawia na harufu ya choma haushiki kasi mpaka karibu na 140. Hewa ya moto ni mbebaji dhaifu wa joto. Unaweza kuingiza mkono kwenye oveni ya nyuzi 230 kwa sekunde mbili ukautoa mzima, lakini usijaribu kugusa chuma kilichomo humo. Kwa hiyo kazi yote ya hivi vinavyoitwa vifaa vya kubabulia ni moja tu: kukusanya joto la hewa hiyo kwenye chuma, ili chuma kiligawie nyama kwa kugusana.

Nilishika hilo neno, kugusana, mapema. Sikulifikiria mpaka mwisho, na lilinirudia baadaye.

Jumamosi

Ilikuwa nyuzi 6 nje na upepo wa kaskazini, hali ya hewa ya kawaida ya huku mwezi wa nne. Kabla ya kuwasha nikamwambia shemeji atoe nyavu zote, trei na bamba. Kikombe cha moto kilikuwa kimejaa majivu mpaka kwenye mashimo ya hewa. Hakuwahi kukisafisha tangu anunue, kwa sababu peleti nzuri hazitoi majivu mengi, chini ya asilimia 1 ya uzito wake, na kwa hiyo mtu anajisahau. Lakini asilimia hiyo ya magunia sita si haba, na kikombe chenyewe ni kidogo.

Nikachukua peleti chache kutoka kwenye sanduku, nikazivunja kwa vidole. Peleti kavu huvunjika kwa mlio, kama kijiti cha kibiriti. Hizi zilijikunja kidogo kisha zikamomonyoka. Zilikuwa zimekaa gereji majira yote ya baridi kwenye gunia lililofunguliwa, zikanywa unyevu wa theluji inayoyeyuka kwenye matairi. Tukazichota zote kwa mkebe, tukaweka mpya.

Hayo mawili hayakugharimu chochote zaidi ya gunia moja. Kabla ya usafi, kitasa kikiwa kwenye 450 za Farenhaiti, ambazo ni karibu nyuzi 230 za Selsiasi, waya wangu wa kupimia joto ulisoma 200 tu hapo kwenye wavu. Baada ya usafi ulisoma 225. Mtu akija na swali la anunue wavu gani, mimi sasa swali langu la kwanza ni kikombe kilisafishwa lini.

Hapo na mimi nikafanya kosa langu. Nina ile bastola ya kupimia joto kwa mbali, chombo cha kila siku kazini. Nikaielekeza kwenye vyuma vya wavu wa asili, ikasema nyuzi 140. Nikamgeukia shemeji kwa sauti ya kitaalamu: unaona, chuma chako ni baridi! Kumbe wapi. Vyuma vile vinang'aa, na chuma kinachong'aa hutoa mnururisho kidogo na kurudisha kama kioo ule wa vitu vilivyokizunguka, ikiwemo anga ya baridi juu yetu. Tena vijiti ni vyembamba kuliko duara linalosomwa na bastola, kwa hiyo ilikuwa inachanganya chuma na chochote kilichoko chini yake. Nilipofunga waya kwenye kijiti chenyewe nikapata zaidi ya 200. Kwa chuma cheusi kilichopakwa mafuta na kuokwa, bastola inasema kweli. Kwa chuma kinachong'aa, inakudanganya huku ikikuonyesha namba mpaka ya desimali.

Jambo la mwisho kabla ya nyama lilikuwa mkate. Tulitandaza slesi za mkate mweupe juu ya wavu wote, bega kwa bega, tukafunga mfuniko kwa dakika chache. Tulipofungua, ramani ilikuwa imejichora: slesi za nyuma na za ukingo wa kushoto zimekuwa nyeusi, za katikati ni za dhahabu, za mbele kulia bado nyeupe. Shemeji alikuwa anaweka steki zake mbele kulia, kwa sababu ndipo mkono unapofika vizuri. Kila jiko lina ramani yake na hakuna kijitabu kitakachokupa. Mkate wa dola mbili utakupa.

Kikapu, kimoja kimoja

Sanduku la gesi niliondoa la kwanza, ingawa kwa nguvu ndilo lililokuwa kali kuliko vyote. Moto wa gesi uko wazi chini ya nyama, na jambo hilo linatatua fizikia yote niliyoeleza. Lakini masanduku haya hutengenezwa kwa ajili ya majiko ya mtengenezaji yuleyule. Tundu za parafujo na urefu wa ubavu wa jiko la shemeji havikuoana na lile alilolichagua. Angeishia kutoboa. Na kama unafunga mtungi wa gesi na moto wake ubavuni mwa jiko, sasa una majiko mawili, basi afadhali useme hivyo tangu mwanzo.

Hapo shemeji akaleta wazo la bure: kwa nini tusiondoe lile bamba la kutawanya joto pamoja na trei, nyama iuone moto? Kuna majiko ya peleti yaliyoundwa hivyo, yenye kidirisha cha kuteleza juu ya kikombe cha moto, na yanababua vizuri hapo kwenye eneo la ukubwa wa sahani. Yameundwa hivyo. La kwake halikuundwa hivyo. Ukitoa trei, mafuta ya mbavu yanadondoka moja kwa moja kwenye kikombe na sakafu ya jiko, na feni ipo hapohapo kuyapulizia. Nimeona rangi ya jiko lililopata moto wa mafuta; linabanduka kama gamba la kitunguu.

Zikabaki nyavu za chuma cha kusubu na vibao vya alumini, na hapa ndipo watu wengi hubishana kwa imani. Shemeji alikuwa upande wa chuma. "Chuma kizito kinashika joto, shem, hata sufuria za bibi zilijua." Ni kweli, ila nusu. Kilo moja ya chuma hubeba kilojouli 0.46 kwa kila nyuzi moja. Kilo moja ya alumini hubeba 0.9. Uzito kwa uzito, alumini inashika joto karibu mara mbili ya chuma. Sababu ya chuma kusifiwa ni kwamba watu hulinganisha sufuria ya chuma ya kilo tatu na sufuria ya alumini nyembamba kama kopo, kisha wanailaumu madini badala ya unene. Tuliweka vibao viwili vya alumini kwenye mizani ya jikoni, vya jirani aliyetuazima: kilo 2.2. Bamba la chuma la shemeji: kilo 5. Zidisha. Alumini inatoka na kilojouli 2.0 kwa nyuzi, chuma 2.3. Karibu sare, na hakuna aliyeumia mgongo kwa alumini.

Wanapoachana kwelikweli ni kwenye kusafirisha joto. Alumini ya aina hiyo hupitisha joto mara nne hivi kuliko chuma cha kusubu, na chuma kisichoshika kutu cha nyavu za kawaida kipo nyuma zaidi, karibu mara kumi na mbili chini ya alumini. Kwenye jiko la mkaa, ambako moto uko chini kote, hilo halisumbui sana. Kwenye jiko la peleti, ambako ramani ya mkate ina weusi huku na weupe kule, linasumbua. Bamba la chuma lilirithi ramani: katikati pamekolea, pembe moja imelala. Vibao vya alumini vililisawazisha joto lenyewe kwa lenyewe, na ukilaza kipande cha nyama baridi, sehemu iliyopozwa inaletewa joto kutoka jirani kabla nyama haijajua.

Tulijaribu kwa kipande kimoja cha ng'ombe nilichokikata steki nne za unene wa sentimita 2.5. Ya kwanza wavu wa asili, ya pili bamba la chuma, ya tatu alumini upande bapa. Vyuma vyote vilipata nusu saa ya kupashwa moto, mfuniko umefungwa. Waya ulisoma 255 kwenye alumini wakati hewa ilikuwa 225, kwa sababu vibao vilikaa juu ya lile bamba la chini linalowaka kutoka kwenye kikombe. Dakika tatu kila upande. Ya wavu ilitoka na mistari minne myembamba, na kati ya mstari na mstari kijivu kilekile cha siku ya mama. Ya chuma ilikuwa nzuri katikati, imepauka pembe moja. Ya alumini ilikuwa na ukoko kutoka ukingo mpaka ukingo, ule wa kahawia iliyoiva, na nilipogonga kwa koleo ulitoa mlio mkavu.

Nilisema upande bapa. Picha zote za matangazo huonyesha upande wa matuta, kwa sababu mistari myeusi iliyonyooka inapendeza kwenye picha. Lakini mistari ni sehemu ndogo tu ya nyama iliyogusa chuma. Kama unataka utamu wa ukoko, unataka nyama yote iguse. Matuta yana kazi yake, na kazi hiyo ni mafuta: kwa soseji au nyama yenye mafuta mengi, mafuta yanashuka mabondeni badala ya nyama kuelea ndani yake. Kwa steki, geuza.

Steki ya nne ndiyo iliyonifundisha zaidi, na haikuwa suala la wavu. Hii ilikuwa imelala usiku kucha kwenye mchuzi wa shemeji: kitunguu saumu, tangawizi, mafuta, na ndimu mbili nzima. Tuliitoa inachuruzika, tukailaza kwenye alumini ileile ya nyuzi 255. Ikapiga kelele kubwa, mvuke ukapanda, watoto wakapiga makofi. Baada ya dakika tatu vipande vya kitunguu saumu vilikuwa mkaa mchungu na nyama chini yake ilikuwa ya kijivu. Maji yalikula joto lote. Na ndimu ilikuwa na mkono wake: asidi hupunguza kasi ya ule mwitikio wa rangi. Nyumbani ndimu inakuja mezani, kwenye kisahani, pamoja na chumvi na pilipili, nyama ikiwa imeshatoka motoni. Sijui tulianza lini huku kuilowekea. Tangu siku ile steki za shemeji zinapakwa chumvi jioni, zinalala kwenye friji bila kufunikwa, na asubuhi uso umekauka kama ngozi ya ngoma.

Mbavu za mbuzi

Mpaka hapo nilikuwa najiona nimemaliza. Tukaagiza vibao viwili, si vitatu. Vitatu vingefunika wavu wote, na tulipojaribu vya kuazima kwa kuviziba na bamba ili pasibaki nafasi, hewa haikupata pa kupandia. Kipimajoto cha jiko kilicho ubavuni kikachanganyikiwa na peleti zikaanza kumiminwa kupita kiasi. Acha angalau robo ya wavu wazi.

Wikiendi iliyofuata tukaweka mbuzi. Saa mbili kwenye nyuzi 110, joto la chini ambalo ndilo hutoa moshi mwingi kwenye majiko haya, kisha tukatoa nyama, tukapandisha jiko mpaka mwisho, tukasubiri vibao vishike. Tukalaza ubavu wa mbuzi juu yake. Ukagusa sehemu tatu. Mfupa huku, mfupa kule, na kipande kimoja cha nyama pembeni. Kwingine kote palikuwa na upenyo wa sentimita nzima. Paja lilikuwa vilevile. Linabingirika kama gogo na kugusa mstari mmoja tu. Nikasimama pale na koleo mkononi, nimeaibika. Vibao vya kubabulia, viwe vya alumini au vya chuma, ni vya nyama bapa. Waliovibuni walikuwa wanafikiria steki na hambaga. Mbuzi wetu ana mbavu, ana kiwiko, ana mgongo, na kumpatia rangi kunahitaji joto linaloruka hewani, yaani mnururisho, yaani mkaa.

Miongozo mingi ya Kimarekani ya kubabua mwishoni inakosea kwetu kwa sababu nyingine pia. Inakwambia utoe steki ikiwa nyuzi 50 na kitu katikati, uibabue, uile ikiwa nyekundu. Idara ya Kilimo ya Marekani yenyewe inasema 63 na kuipumzisha dakika tatu kwa vipande vizima, 71 kwa nyama ya kusaga, 74 kwa kuku. Mama yangu hali nyama yenye wekundu, na wageni wengi wa shemeji vilevile. Nyama ya kufika 75 inapoteza maji mengi zaidi, kwa hiyo ile hatua ya kwanza ya moto mdogo inakuwa na maana zaidi kwetu kuliko kwao, na hatua ya kubabua inabidi iwe fupi zaidi. Ndiyo sababu kati ya vifaa vyote, kimoja nilichosisitiza kabla ya wavu wowote ni kipimajoto cha kudunga kinachosoma kwa sekunde chache.

Suluhisho la mbuzi lilikuwa gerejini tayari: lile bomba la bati la kuwashia mkaa, lenye mpini na mashimo chini. Unalijaza mkaa, unalisimamisha juu ya matofali, na baada ya dakika ishirini ni kama tanuri dogo. Mbavu zikitoka kwenye peleti, zimeiva na zimekolea moshi, unaweka wavu wa zamani juu ya mdomo wa bomba, unazipitisha vipande viwili viwili, dakika moja huku, dakika moja kule. Mafuta yanadondoka, yanalipuka, yanarudi kwenye nyama kama harufu. Shemeji aliuliza kama vibao vya alumini vinaweza kukaa juu ya bomba hilo. Nikamkataza: alumini huyeyuka nyuzi 660, na mdomo wa bomba la mkaa uliokolea hauko mbali na hapo; si lazima alumini iyeyuke ndipo ipinde.

Vitu vidogo

Brashi ya waya ilitoka kwenye kikapu bila mjadala. Vijinywele vya chuma hukatika, vinabaki kwenye wavu, vinaingia kwenye nyama. Mwaka 2012 kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha taarifa ya watu sita waliotibiwa kwenye mtandao mmoja wa hospitali huko Providence, Rhode Island, baada ya kumeza vijinywele hivyo. Wengine vilitoboa utumbo. Tunatumia kipande cha mbao na kitunguu kilichokatwa nusu, kilichochomwa kwenye uma. Alumini ile ina ngozi ngumu iliyotengenezwa kwa umeme, na dawa kali za kusafishia oveni huila, pamoja na sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo. Dada yangu ameonywa mara mbili.

Glavu akanunua, na zilistahili. Peleti za hikori sikubishana naye, ingawa moshi wake ni mzito kwa mbuzi na ningependelea mwaloni.

Nyavu za chuma cha kusubu hazikununuliwa. Vibao viwili, kipimajoto, glavu na gunia la peleti vilikula chini ya nusu ya zile dola 500, na gunia sasa linakaa kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mama alikula mbavu za bomba la mkaa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono akavuta kisahani cha chumvi na ndimu kikawa upande wake, na hakukirudisha katikati ya meza. Lile bamba la chuma la kilo 5 alilikuta gerejini asubuhi iliyofuata, akaliuliza ni la nini, shemeji akashindwa kueleza vizuri. Akalipaka mafuta, akaliweka juu ya jiko la ndani, mafiga mawili kwa mpigo. Sasa ni la chapati. Shemeji amelidai mara moja, akaambiwa asubiri unga uishe.